Zulia Lililobadilika Rangi Sebuleni

Haya nitakayoyaandika hamtayaamini, na sitamlaumu mtu. Mimi mwenyewe nilikuwepo, nikayaona kwa macho haya mawili yasiyojua miwani, na bado kuna siku naamka nikijiuliza kama sikuota. Zulia lilibadilika rangi mbele ya watu wazima wenye akili zao timamu. Halikumwagiwa kitu, halikufuliwa, halikuanikwa juani. Liliingia nyumbani kwa watu lina rangi moja, likalala sakafuni lina rangi nyingine, na mpwa wangu akairudisha ile ya kwanza kwa kiganja cha mkono wake. Anayeona nimeshaanza kutia chumvi aache hapa hapa, akasome matangazo ya vifo.

Mpwa wangu huyu ni kitinda mimba wa dada yangu. Kazini wanamwita Fundo, maana kazi yake ni kufunga mafundo ya zulia tangu asubuhi hadi jioni, na jina likamfuata mpaka nyumbani. Hata mama yake siku hizi humwita hivyo. Mimi ndiye mjomba wake wa pekee, niliyemfundisha kila kitu isipokuwa kazi, adabu na hesabu. Shule mimi niliingia kwa mlango nikatokea dirishani, darasa la sita, na tangu hapo naendesha pikapu ya mizigo. Watu wakihama nyumba huniita. Hakuna kabati lililowahi kunishinda kwenye ngazi, na lililonishinda lilikuwa na ubishi wake.

Kipaji cha Fundo nilikigundua mimi kabla ya mtu yeyote. Alikuwa na miaka sita. Nilikuwa na sweta la kijani, sweta la heshima, la kuendea mahali. Nikalivua, nikalitundika kwenye kiti, nikaenda kuoga. Nilipotoka nilikuta kola na mkono mmoja. Kiwiliwili chote kilikuwa kimefumuliwa, na mtoto amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha, anapitisha uzi wangu kwenye vijiti vya ufagio. Alikuwa anamtengenezea paka kijizulia cha ukubwa wa sahani. Dada yangu akanyanyua kandambili. Mimi nikasema, "Mwache, dada. Mtoto ana kipaji huyu." Kwa kweli nilisema maneno mengine, lakini hayo ndiyo niliyopaswa kusema, na kwa kuwa leo kalamu ninayo mimi, basi ndiyo niliyosema.

Paka alikilalia kile kijizulia miaka mitatu. Mimi nilipigwa na baridi miaka hiyo hiyo mitatu.

Alipofika miaka kumi na saba akaingia karakana ya mazulia, jengo refu la mabati ambalo zamani lilikuwa ghala la magodoro. Cha kwanza kupewa ni fagio. Sufu ikikatwa hutoa vumbi laini linalokaa kwenye nywele na nyusi, hata ikifika jioni wafanyakazi wote wanaonekana wamezeeka. Alilifagia vumbi hilo miaka miwili. Kisha wakampeleka chumba cha mabonge, chumba kisicho na dirisha ambamo nyuzi huviringishwa kuwa mabonge kabla ya kupelekwa kwenye mtambo wa kufumia. Humo alikaa miaka minne. Nilikwenda kumsalimia mara moja tu, nikatoka haraka. Ukiinua kichwa unaona bonge, ukikiinamisha unaona bonge, na ukifumba macho ndiyo unayaona yote kwa pamoja. Yeye hakulalamika. Lakini dada yangu aliniambia kwamba katika miaka ile minne mtoto aliacha kuimba akiosha vyombo.

Halafu siku moja nafasi ikapatikana pembeni mwa benchi la wafumaji. Akakaa, na ni kama hajainuka mpaka leo.

Kazi yenyewe niieleze kidogo, maana nimeitazama hadi mke wangu ameniuliza kama nimeajiriwa. Mtambo umesimama kama fremu ya mlango wa jitu, na nyuzi ngumu zimekazwa kutoka juu hadi chini, mamia kwa mamia. Mfumaji anachukua uzi wa sufu, anauzungusha kwenye nyuzi mbili zilizosimama, anauvuta chini, anaukata kwa kisu. Hilo ni fundo moja. Kila fundo huvutwa chini, halina mjadala. Safu ikiisha hugongwa kwa chanuo la chuma lenye uzito kama pasi. Kwa siku nzuri mtu mmoja hupanda upana wa vidole viwili. Mimi kwa siku nzuri nahamisha familia mbili na kuku wao.

Fundo hufuma huku akihesabu kimoyomoyo. Ukimsemesha katikati ya hesabu anainua kidole kimoja, maana yake ngoja safu iishe. Hapo ndipo fundi baiskeli mmoja alipoponzeka. Alikuwa amempenda, akajikakamua, akaja karakana mchana kweupe, kofia mkononi, akaanza, "Bibie, mimi nina jambo..." Kidole kikainuka. Mimi husema alisimama pale siku mbili. Mwenyewe anasema ilikuwa kama dakika kumi. Vyovyote iwavyo, safu ilipoisha Fundo akageuka akamwambia, "Haya, ulikuwa unasema?" Na yule bwana kwa woga akajibu kwamba amekuja kuuliza kama kuna baiskeli yoyote inayohitaji kutengenezwa. Ikabidi arudi wiki ya pili yake. Sasa ni mume wake, na mpaka leo akiona kidole kile anavua kofia.

Sasa tuje kwenye zulia lenyewe.

Zamani karakana ile ilifuma mazulia ya kawaida, maua pembeni, maua katikati, na palipobaki nafasi wakaweka ua. Siku hizi watu wenye nyumba kubwa wamechoka na maua. Wanataka zulia la msanii. Msanii anachora, karakana inafuma moja tu, na hakuna mwingine duniani atakayekuwa nalo. Zulia la namna hiyo halikuja kufunika sakafu. Lenyewe ndilo lenye chumba. Kuta hupakwa rangi ya kulifuata, viti husogezwa kulipisha, na mgeni akiingia anatakiwa asimame mlangoni aseme, "Aah!" Niliuliza, asiposema je? Nikaambiwa basi zulia limefeli.

Aliyeagiza alikuwa mama mmoja daktari wa meno. Nyumba yake mpya ilikuwa na sebule kubwa nyeupe, nyeupe hadi unaogopa kukohoa, mlango upande huu na dirisha pana upande wa pili likitazamana nao. Alisema sebule ile ni kama mtu asiye na la kusema, kwa hiyo anataka zulia liseme kwa niaba yake. Msanii, bwana mrefu mwembamba mwenye rangi kwenye viatu, akamchorea mvua inayoonekana kwa mbali asubuhi mapema. Karatasi yenyewe niliiona. Rangi ya majivu iliyoingia bluu kidogo, iliyofifia kama shati lililofuliwa mara nyingi, na mahali pamoja pametoboka njano. Nikamuuliza, "Msanii, hapa juu ni wapi na chini ni wapi?"

Akacheka. "Mzee wangu, mchoro huu hauna juu wala chini."

Neno hilo nililishika. Mniwekee kumbukumbu kwamba lilitoka kinywani mwake, si kinywani mwangu.

Bosi wa karakana, mama mmoja anayetembea kama aliyesahau kitu jikoni, akamwita Fundo mbele ya wenzake. Fundo alinisimulia mwenyewe jioni ile, amekaa kwenye ngazi ya nyumba yao, kikombe amekishika kwa mikono miwili kwa sababu kidole gumba kilikuwa kimekatwa na kisu.

"Kaniambia nitaliongoza mimi, mjomba. Mimi ndiye nitawasomea wenzangu mchoro."

"Si nilisema? Tangu siku ya sweta nilisema."

"Likipokelewa, mtambo mkubwa unakuwa wangu moja kwa moja. Likikataliwa, narudi kwenye mabonge."

"Nani alikatae zulia lako?"

"Bosi ana wasiwasi na rangi. Mtia rangi wetu wa zamani ameacha kazi, nikampendekeza mwingine. Nimechemsha nyuzi zake, nimezianika dirishani mwezi mzima, hazikupauka. Nikamwambia bosi rangi hii naisimamia mimi."

Dada yangu akadakia kutoka ndani, "Asimamie na chungu changu, anachemshia nyuzi humo humo, juzi maharage yametoka ya bluu!"

Walifuma miezi saba, wanawake wanne kwenye benchi moja, Fundo katikati akiwasomea mchoro kijumba kwa kijumba, kila kijumba fundo moja. Nyumbani akawa anakata mboga kwa safu. Alikonda, lakini alikuwa anaimba tena akiosha vyombo, na dada yangu akajifanya hasikii ili asije akamkatiza. Msanii, aliyechora kwa siku tatu, jina lake liliwekwa kwenye karatasi yenye mhuri. Wanawake wanne hawakuwekwa popote. Nilipolisema hilo Fundo alicheka tu. "Mafundo yenyewe yananijua, mjomba."

Siku ya kupeleka mzigo, gari la mzigo lilikuwa langu, nani mwingine? Tulilikunja zulia, tukalifunga kwa shuka safi, tukalipakia mimi na wabebaji wawili. Fundo na bosi walikuwa waje nyuma kwa gari la bosi, wampitie msanii njiani. Kabla sijawasha injini Fundo akaja dirishani kwangu.

"Mjomba, msilifungue mpaka nifike."

"Nimesikia."

"Mjomba."

"Nimesikia, mwanangu! Nilikuwa nabeba vitanda vya mabwana harusi mama yako akiwa bado anakunyonyesha. Sifungui."

Na sikulifungua. Yaani sikulifungua tulipofika getini, wala tulipopanda ngazi, wala tulipoliweka chini sebuleni. Nililifungua baada ya hapo. Lakini hebu jiwekeni mahali pangu. Daktari wa meno alikuwa anazunguka lile bunda kama mtoto anayezunguka keki. "Nilione kidogo tu," akasema. "Pembe moja tu." Akaniuliza kama nami ni wa karakana. Ningejibuje? Nikamwambia mimi ndiye mjomba wa mazulia yote yale. Mtu akishajiita hivyo hawezi tena kusema anasubiri ruhusa ya mpwa wake.

Tukalikunjua. Na kwa kuwa halina juu wala chini, nikalikunjua lilivyoanguka.

Pembeni, kwenye ukingo wa upande wa mlango, nikaona uzi mwekundu umefungwa, unaning'inia, urefu wa kidole. Uzi mwekundu kwenye zulia la rangi ya mawingu! Niliona aibu ya ukoo mzima inaning'inia pale. Nikawaza, maskini, miezi saba macho yamechoka, huu umempita, na mjomba yupo wa nini? Nikauvuta, ukagoma. Nikapiga magoti nikaukata kwa meno. Daktari alikuwa amegeuka kufungua mapazia, la sivyo ningepata ushauri wa bure. Uzi nikautia mfuko wa shati, nikajisikia nimetenda jema.

Daktari akaenda kusimama mlangoni, pale pa kusemea "Aah." Hakusema. Aliinamisha kichwa kushoto, akakiinamisha kulia, akalitazama zulia kama jino analojua halitapona.

"Hili silo," akasema.

"Ndilo lenyewe, mama. Nimelibeba kwa bega langu."

"Niliagiza asubuhi. Hii ni jioni."

Nikaenda kusimama karibu naye nikatazama. Lile shati lililofuliwa mara nyingi halikuwepo. Zulia lote lilikuwa zito, limekolea, rangi ya wingu linalokaribia kuangusha mvua na radi juu yake. Ile njano imegeuka kuwa kahawia. Niliwatazama wabebaji, wabebaji wakatazama viatu vyao. Karakana nilikuwa nimeliona limetandazwa, jepesi kama moshi. Nikajipapasa mikono nione kama imechuja rangi.

Hapo ndipo gari la bosi likaingia.

Bosi alisimama mlangoni, akashika kizingiti. Msanii akamchungulia begani. "Hii si rangi yangu," akasema polepole. "Mimi sikuchora hii."

Bosi alimgeukia Fundo. "Nilikwambia nini kuhusu yule mtia rangi? Nilikwambia nini? Rangi imekolea ndani ya shuka, tazama! Ukasema unaisimamia. Haya, isimamie."

Daktari akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza zaidi, "Siwezi kulipokea. Samahanini. Siwezi kukaa na hili kila siku."

Fundo alikuwa bado hajaingia ndani. Alikuwa nyuma yao wote, na kutoka pale aliona ukanda tu wa zulia katikati ya mabega ya watu. Uso wake ulikuwa umekauka kabisa. Miaka minne ya chumba kisicho na dirisha ilikuwa inamtazama, na mimi niliyemlea nilikuwa nimesimama pale na uzi mfukoni, sijui hata kama uzi unahusika.

Akavua viatu. Akapita katikati yao, akapiga magoti ukingoni, akapitisha kiganja juu ya zulia kuelekea dirishani, taratibu, kama anayempapasa paka. Kisha akakirudisha kuelekea kwake. Mara ya pili uso ulilegea. Akatambaa kwenye ukingo akitafuta kitu kwa ncha za vidole, akafika pale nilipopiga magoti mimi. Akakuta kipande kidogo chekundu kilichobaki kwenye fundo, si kikubwa kuliko punje ya mchele. Akakitazama. Akainua macho akanitazama mimi.

Mimi nikajitia hamnazo. Nikatazama dari. Dari nzuri sana ile, imepigwa plasta kwa mkono.

"Liko kinyume," Fundo akasema. "Zulia lina nywele, zimelala upande mmoja kwa sababu kila fundo tunalivuta chini. Ukilitazama nywele zikikuelekea, unaona ndani kwake, linakuwa jeusi. Zikikupa mgongo, linakuwa jeupe. Upande tulioanzia ndio unatakiwa kwenda dirishani. Lizungusheni tu."

"Na uzi wa alama uko wapi?" bosi akauliza. "Upande wa kuanzia si hufungwa uzi mwekundu?"

Nilisikia meno yangu mwenyewe.

"Nimesahau kuufunga," Fundo akasema.

Tulilizungusha, wabebaji wawili, msanii na mimi, kila mtu pembe yake, mzunguko wa nusu. Nilikuwa nimepeleka mgongo mlangoni sikuona chochote, nikajua tu kwa sababu ya daktari. Alisema, "Aah." Si kwa kelele. Ilimtoka tu, kama mtu aliyetua mzigo. Nikageuka. Asubuhi ilikuwa imerudi, mvua iko mbali kule inakotakiwa kuwa, na pale palipotoboka, njano imewaka. Daktari akavua viatu, akatembea juu yake hadi dirishani, akageuka, akaliona jeusi. Akarudi mlangoni, akaliona jeupe. Alienda na kurudi mara sita, na mimi hapa sitii chumvi, wabebaji walihesabu.

"Kwa hiyo mgeni anakuja asubuhi," akasema, "na mimi nikikaa dirishani nimekaa na jioni. Mnaniambia nimepata mawili?" Akamshika Fundo mkono, akautazama ule mkono mbele na nyuma, kidole gumba chenye makovu. "Wewe ndiye uliyelifuma?"

"Sisi wanne, mama."

Msanii akasema ana haja ya kunawa mikono, akaondoka macho mekundu.

Ningeweza kuishia hapo, na wote tukafurahi. Lakini bosi hakuwa amefurahi. Alimvuta Fundo kando karibu na mlango, akidhani sisi wabebaji hatuna masikio.

"Mfumaji anaweza kusahau uzi wa alama. Kiongozi hawezi. Leo umebahatika ulikuwepo. Kesho zulia linasafirishwa mbali, nani atakwenda kulipapasa? Mtambo mkubwa nitampa mwingine. Wewe utapumzika kwanza kwenye mabonge."

Nilimngoja Fundo aseme. Sentensi moja tu ilitosha, "Ni mjomba." Hakuisema. Akasema, "Sawa, bosi." Akaenda kuvaa viatu, akavaa cha kushoto mguu wa kulia, akakivua, akaanza upya. Bosi akatoka nje.

Na mimi je? Hapa sasa ndipo mtamjua mjomba ni mtu wa namna gani. Nilitembea hadi katikati ya zulia, kifua mbele, nikautoa ule uzi mfukoni, nikaunyanyua juu kila mtu auone. Nikasema kwa sauti iliyotikisa vioo vya dirisha: "Mabibi na mabwana! Mkosaji ni mimi! Mwanamke huyu hakusahau kitu! Mnichukue mimi mkanifungie kwenye chumba cha mabonge maisha yangu yote yaliyobaki!" Bosi akarudi mbio, machozi yakimtiririka. Msanii akapiga magoti. Na daktari wa meno akanishika bega akaniambia, katika miaka yake yote ya kutazama vinywa vya watu, hajawahi kuona kinywa chenye—

"Mjomba."

Ni Fundo. Ametoka kazini, sikumsikia akiingia. Amesimama nyuma ya kiti changu, vumbi la sufu limejaa kwenye nyusi, anasoma juu ya bega langu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Usifunue chungu hakijaiva."

"Nani alipiga magoti?"

"Msanii."

"Msanii alikuwa ananawa mikono."

"Basi alipiga magoti huko huko."

"Na wewe hukusimama katikati ya zulia. Ulimfuata bosi mpaka getini anafungua gari. Ukamfumbatisha uzi mkononi, ukamwambia, 'Umeanguka wenyewe.'"

"Mimi? Nilisema hivyo?"

"Bosi mwenyewe aliniambia. Aliutazama, akaona ncha imetafunwa. Akaniita nje akaniuliza, 'Mjomba wako huyu meno anayo yote?'"

"Hilo siliandiki."

"Akaniuliza mbona sikusema. Nikamwambia, ni mjomba wangu. Akacheka mpaka akaegemea gari. Akaniambia kesho nikae kwenye mtambo mkubwa, na uzi wa alama nianze kuufunga pembe zote mbili za upande wa kuanzia, kwa ajili ya wajomba."

"Kwa hiyo mtambo umeupata kwa ajili yangu."

"Nimeupata kwa ajili yako, mjomba. Ndiyo maana nataka uandike ilivyokuwa." Amevuta kiti, amekaa, ananitazama. "Ulikuwa unatetemeka. Nilikuona kupitia dirisha. Tangu nizaliwe sijawahi kukuona unatetemeka, na bado ulitembea mpaka getini. Hilo mbona hukuliandika?"

"Nani anataka kusoma habari za dereva anayetetemeka?"

"Mimi."

Haya. Kwa heshima ya mpwa wangu nafuta, naandika ilivyokuwa. Nilimfuata bosi mpaka getini. Nilikuwa natetemeka. Nikampa uzi, nikasema umeanguka wenyewe, nikaona hakuamini, nikasema basi ni mimi. Hivyo tu. Na pale getini kulikuwa na umati, watu wasiopungua mia mbili, wameacha shughuli zao zote, kina mama wanajifuta macho, nami nikavua kofia, nikawapungia, nika—

"Mjomba! Getini kulikuwa na mbwa tu!"